Dada wa Marehemu Aliyeletwa kwa Helikopta

Aliyenisimulia haya ni wifi yangu Salume, mwaka ule aliporudi kutoka nchi moja iliyokuwa vitani akiwa amevaa koti jeupe la kijeshi lisilo na kifungo hata kimoja. Tulikuwa uani tunachambua choroko. Huko alikuwa mpishi wa walinzi wa amani, kwa hiyo mengi aliyaona kwa macho yake, na asiyoyaona aliyasikia mezani, maana wakubwa wakishika kijiko husahau kwamba mpishi naye ana masikio.

Jina la nchi yenyewe silitaji. Siogopi mtu, ni kwamba jina ndilo hasa walilokuwa wakipigania. Watu wa bonde la juu waliiita Jamhuri. Wa bonde la chini waliiita Jamhuri Halisi. Na wageni waliokuja kuwapatanisha, wasije wakaonekana wameegemea upande, waliiita Eneo Husika. Wimbo wa taifa uliimbwa kwa kufumba midomo, na Salume anasema ulikuwa mtamu kuliko nyimbo nyingi zenye maneno.

Vita vilikuwa vimekaa sana, mpaka watoto waliozaliwa humo wakaota ndevu. Wa juu walikuwa na Jeshi la Ukombozi. Wa chini walikuwa na Jeshi la Ukombozi wa Kweli. Wote waliwakomboa watu walewale, kwa zamu. Asubuhi unakombolewa mbuzi, jioni unakombolewa kuku, na ukibaki na jogoo peke yake unaulizwa kwa nini hupendi uhuru.

Basi katikati kabisa ya bonde hilo, kwenye kitongoji cha Mwitazi, akafa mzee mmoja aitwaye Kasoga. Alikunywa uji, akasema anasikia baridi, akajifunika, akafa. Watu walitoka mbali kuja kumtazama maiti asiye na tundu.

"Alipigwa na nini?"

"Hakupigwa."

"Alikanyaga bomu?"

"Alizeeka tu."

"Alaa! Kifo hicho bado kipo?"

Mjane wake aliitwa Sikudhani, mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesikiliza mlango. Walikuwa na wana wawili. Matokeo, mkubwa, alikuwa wa Ukombozi. Lukelo, mdogo, alikuwa wa Ukombozi wa Kweli. Msidhani walichagua. Siku jeshi la juu lilipopita kukusanya vijana, Matokeo ndiye aliyekuwa nyumbani. Lilipopita la chini, Lukelo ndiye aliyekuwa kisimani. Tangu hapo Sikudhani hakulala usingizi wa kueleweka. Kila mlio wa bunduki aliusikiliza kama mama anavyosikiliza kikohozi: huu umetoka kwa mkubwa, huu umetoka kwa mdogo. Na kukiwa kimya, alisikiliza zaidi.

Sasa, watu wa bonde lile wana jambo moja. Msiba ukiwepo, likatandikwa jamvi la tanga, hakuna mtu anayemwaga damu mpaka jamvi lianuliwe. Atakayemwaga, siku yake ya kufa ikifika hataliliwa na mtu. Walikuwa wamechoma shule, wamechoma ghala, zahanati wameichoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikushika vizuri. Lakini kufa bila kuliliwa? Hapana, hilo hakuna kamanda aliyethubutu kumwamrisha mtu.

Basi bunduki zikaegemezwa kwenye ukuta wa banda la mbuzi, za juu na za chini zimechanganyika, na vijana wakaja kukaa matanga. Matokeo na Lukelo wakalala jamvi moja na mama yao, wamepeana migongo, yeye katikati.

"Hilo sikio limefanya nini?" Lukelo akauliza bila kugeuka. Sikio la kaka yake lilikuwa limebaki nusu.

"Lilipigwa risasi kwenye daraja."

"Kwenye daraja nilikuwepo mimi," Lukelo akasema.

"Najua."

"Nililenga kichwa. Sikujua ni chako."

"Na ungejua?"

"Ningelenga cha jirani yako."

Matokeo akacheka kwa pua, na Sikudhani, aliyelala katikati akijifanya amesinzia, akasikia migongo miwili ikigusana naye huku na huku, akajua jambo moja tu duniani: jamvi hili lisiondoke.

Siku ile ile akaja sajini wa juu kumwamsha Matokeo, eti anatakiwa kambini. Bibi wote waliokuwepo wakamrukia na miiko. Maana hilo nalo ni jambo la kwao: aliyelala kwenye jamvi la tanga haamshwi, hata nyumba ikiungua inaungua pembeni yake. Sajini akarudi kambini na ugali kwenye kofia.

Siku za kawaida za tanga zikaisha. Watu wakakusanyika kuanua. Kwa desturi, anayelikunja jamvi ni dada wa marehemu. Kama hana dada, wazee hulikunja wenyewe mara moja, na kazi imekwisha. Mzee Kasoga alizaliwa peke yake. Mama yake alifia uzazini, baba yake hakuoa tena. Bonde zima lilijua. Wengine walikuwa wakimtania hivyo tangu utotoni.

Wazee wakainama washike pembe za jamvi. Vijana wakaanza kutazama ukuta wa banda la mbuzi, kila mmoja akiitafuta bunduki yake kwa macho.

"Ngojeni," Sikudhani akasema. "Dada yake hajafika."

Wazee wakabaki wameinama, pembe za jamvi mkononi. Mchimba kaburi, mzee mwenye wana watatu vitani, akakohoa.

"Ni kweli," akasema. "Hajafika."

"Anatoka mbali," mwanamke mmoja akaongeza.

"Mbali sana," akasema mwingine. "Na miguu inamsumbua, maskini."

Wazee wakaziachia pembe, wakaketi. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Na vita vya nchi nzima vikakaa vikimngoja dada asiyekuwepo.

*

Utulivu ulipoanza kuzoeleka, ndipo walipofika walinzi wa amani.

Walikuja na magari ya deraya yaliyopakwa rangi nyeupe, kofia nyeupe, mahema meupe, na jenereta kubwa jeupe lililonguruma mchana kutwa. Walipiga kambi katikati ya majeshi mawili, juu ya shamba la mihogo la Sikudhani, kwa sababu ramani yao ilionyesha pale hapana kitu. Jina lao lilikuwa refu. Kwa kifupi waliitwa Ujumbe wa Kutazama. Kazi yao ilikuwa kutazama. Walipewa darubini nzuri sana. Kuzuia hawakuruhusiwa, kuingilia hawakuruhusiwa, na bunduki zao zilikuwa na ruhusa ya kuonekana tu. Wakiona mtu anauawa, walitakiwa kusikitika kwa ngazi: askari wa kawaida husikitika kidogo, kapteni husikitishwa, jenerali husikitishwa mno.

Jenerali wao alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye adabu. Jina lake lilikuwa na herufi nyingi zisizotamkika, lakini kila hotuba aliianza kwa "Tumesikitishwa mno," basi wakamwita Jenerali Tumesikitishwa, na yeye, alipoambiwa na mkalimani kwamba hilo ni jina la heshima, alisikitishwa kwa furaha.

Tatizo lilikuwa moja: hapakuwa na cha kutazama. Askari walipanda mnarani, wakatazama, wakashuka. Waliona vijana wa pande mbili wakicheza bao. Waliona wanawake wakisonga ugali. Jenerali akazunguka hemani mwake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wakati huo huo, katika nchi ya mbali yenye baridi, wakubwa wa pande zote mbili walikuwa kwenye hoteli wakizungumza amani. Walikuwa wakizungumza tangu zamani. Walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya supu. Lakini habari zilipowafikia kwamba bondeni hakuna anayepiga risasi, wenye hoteli wakaanza kuuliza: kama hakuna vita, waheshimiwa, mnazungumza nini? Mheshimiwa wa Jamhuri na Mheshimiwa wa Jamhuri Halisi, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, wakashikana mikono siku hiyo hiyo, wakatoa tamko la pamoja: utulivu huu umeanzishwa kienyeji, bila kushirikisha wadau, nao unahatarisha amani.

Makao makuu ya Ujumbe yakampigia Jenerali simu.

"Kuna utulivu usioidhinishwa kwenye eneo lako. Tafuta chanzo."

*

Jenerali akaja Mwitazi na mkalimani, kijana wa mjini aitwaye Mzimba, mwenye tai iliyomkaba kooni. Akakaribishwa jamvini. Magoti yake yalikuwa marefu, hayakupata pa kukaa, mwishowe akayakumbatia.

"Tumesikitishwa mno na kifo cha mumeo," akasema, na Mzimba akatafsiri.

"Ahsante, baba," Sikudhani akajibu.

"Nimeambiwa ninyi nyote hapa mnangoja jambo."

Sikudhani akasikia wanawake nyuma yake wakiacha kutwanga.

"Tunamngoja wifi yangu, baba. Dada wa marehemu. Akifika ataanua tanga, kila mtu ashike njia yake."

Mzimba alikuwa mtu wa bonde la juu kwa mama. Alipotafsiri hayo, tai ilipanda na kushuka. Alijua. Lakini mkalimani hulipwa kwa kusema yaliyosemwa, si kwa kusema yaliyonyamaziwa.

Uso wa Jenerali ukang'aa. Tangu afike nchini, hilo lilikuwa jambo la kwanza lililofanana na kazi.

"Kumbe ni usafiri tu!" akasema. "Mama, sisi tuna helikopta. Tutamleta."

"Hapana, baba, msijisumbue."

"Si usumbufu."

"Anaogopa kupanda juu. Tangu mdogo."

"Tutamfunga mkanda."

"Baba, hata anakokaa hapajulikani..."

"Mama," Jenerali akasema, akiweka mkono kifuani, "mataifa yote ya dunia yametutuma kwa ajili yako. Hatutapumzika mpaka wifi yako awe juu ya jamvi hili."

Akaondoka akipiga mluzi. Sikudhani akabaki ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Ikawa kila jambo linamshtua: ngurumo ya jenereta, mbuzi kukohoa, mlango kujifunga. Chakula akiletewa anakipeleka mdomoni na kukirudisha.

Lukelo akamsogelea. "Mama, hivi sisi tuna shangazi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Nimesikia anaogopa kupanda juu."

"Lukelo!"

"Muache mama," Matokeo akasema. "Shangazi yupo. Ndiye aliyekuwa akikubeba mgongoni ukimjambia."

"Alikuwa anakubeba wewe, ndiyo maana mgongo ukampinda."

Walicheka wote wawili, lakini Sikudhani aliwaona: wakimaliza kucheka, kila mmoja alitupa jicho kwenye ukuta wa banda la mbuzi. Vijana wengine walikuwa wameshaanza kupita pale, wakifuta vumbi kwenye bunduki kwa shati, eti zisishike kutu.

*

Mkimkuta mtu anamtafuta mwanamke asiyekuwepo, msimdharau, hasa akiwa na helikopta. Jenerali alituma kipaza sauti kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Kikatangaza: dada wa marehemu Kasoga wa Mwitazi ajitokeze, atasafirishwa, atapewa blanketi, atalishwa. Kufika mchana kambi nzima ilikuwa dada wa marehemu Kasoga. Walijitokeza hata wanaume wachache.

Maofisa wakawapanga kwenye jua, wakapita wakiwauliza kama wanamkumbuka kaka yao. Wote walimkumbuka. Mmoja alimkumbuka mfupi, mwingine mrefu, mwingine alimkumbuka akiwa Mchungaji. Mwishowe wakamchagua yule ambaye hakujibu chochote, bali alilia, wakaona huyu ndiye mwenye uchungu halisi. Aliitwa Nyangeta. Salume anasema alilia kwa sababu harufu ya wali wa maofisa ilimpitia puani.

Siku ya kumleta, Jenerali aliandaa sherehe. Palikuwa na bendi, palikuwa na hema la wageni, na waandishi wa habari waliopangwa upande ambao banda la mbuzi halionekani. Makamanda wa pande mbili waliletewa viti vya urefu uleule. Walikuwa na haraka; kila mmoja alikuwa ameshawaambia vijana wake kwamba jamvi likikunjwa tu, wa kwanza kufika ukutani ndiye mshindi.

Helikopta ikatua, ikaezua jiko la Salume, ikawapaka wageni wote unga. Akashuka Nyangeta, mwanamke mpana, miguu imevimba, amejifunga blanketi jipya, akitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa njiani. Mzimba akamshika mkono, akampeleka jamvini.

Sikudhani alisimama. Watu wote wa bonde walimtazama yeye. Akisema huyu simjui, ataulizwa wa kweli yuko wapi, itabidi aseme kwamba hakuna dada, na wazee walikunje jamvi papo hapo. Akisema ndiye, basi dada amefika, na alikunje. Matokeo alikuwa kulia kwake, Lukelo kushoto. Wote wawili walikuwa wamevaa viatu.

"Wifi!" Sikudhani akaita, sauti ikamkatika.

Nyangeta akamkazia macho. Alikuwa amekaa kambini miaka mingi. Alijua kusoma uso wa mwanamke mwenzake upesi kuliko tangazo.

"Wifi yangu!" akajibu kwa nguvu. "Umekonda hivyo, kaka yangu alikuwa hakulishi?"

"Alikuwa anasubiri wewe ulete, na wewe mikono mitupu kama ulivyoondoka."

"Nimekuja na helikopta, wifi, ulitaka nije na ng'ombe ndani?"

Watu wakacheka, na wengine wakafuta macho. Jenerali akamwambia kapteni wake, "Umeona? Damu haipotei."

Wakakumbatiana. Nyangeta akanong'ona sikioni, "Dada, niambie nifanye nini. Wameniambia nikunje huu mkeka halafu kuna chakula."

"Usiukunje."

"Kwani chini yake kuna nini?"

"Kuna vita," Sikudhani akanong'ona. "Hawa wawili ni wangu. Huyu wa huku na huyu wa huku. Ukiukunja, wanakwenda kuuana."

Nyangeta aliwatazama vijana wale, yule mwenye nusu sikio na yule mwenye masikio yote. Aliwatazama muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika.

Jenerali akapanda jukwaani. "Tumesikitishwa mno," akaanza, "lakini leo tumesikitishwa kwa mafanikio. Ujumbe wetu umeiunganisha familia. Sasa, kwa heshima na taadhima, namwomba dada wa marehemu aanue tanga, ili wananchi hawa warudi kwenye maisha yao ya kawaida!"

Bendi ikapiga. Makamanda wakaegemea mbele.

"Nitaanua," Nyangeta akasema. "Lakini sijalia."

Mzimba akatafsiri. Jenerali akaangalia saa. "Alie, alie. Tafadhali."

Nyangeta akaketi katikati ya jamvi, akavua kilemba, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akalia. Alianza na jina la Kasoga, kwa adabu. Kisha likaja jina jingine, na jingine, majina ya watoto, na jina la mume, na la kijiji kilichoko bonde la chini au la juu, hakuna aliyejua. Wafu wake mwenyewe hakuwakalia tanga hata mmoja, alikuwa anakimbia. Alilia mpaka mpiga tarumbeta akaishusha. Mchimba kaburi akaja akakaa naye. Wanawake wakaja. Kijana mmoja wa Ukombozi wa Kweli, aliyekuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea banda la mbuzi, alisikia jina la dada yake humo ndani ya kilio, au la mtu wa jina hilo, akarudi akakaa.

Na alipokuwa amelia mpaka sauti imekwisha, Nyangeta akajilaza ubavu, akavuta blanketi la Ujumbe mpaka shingoni, akalala fofofo katikati ya jamvi.

Kamanda wa juu akainuka. "Mwamsheni huyo!"

Bibi wote wakainua miiko.

Akaketi. Wa chini hakujaribu.

"Kuna nini?" Jenerali akauliza. "Kwa nini tumesimama?"

"Amelala, Jenerali," Mzimba akasema, akilegeza tai. "Aliyelala hapo haamshwi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aamke."

"Na akiamka ataanua?"

Mzimba akamtafsiria Sikudhani.

"Akiamka atakuwa na njaa," Sikudhani akasema. "Akila, atawakumbuka wafu wake. Akiwakumbuka, atalia. Akilia, baba, ndiyo hivyo ulivyoona."

Jenerali alifikiri sana. Kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba awamu ya kwanza imekamilika, na kwamba Ujumbe utaendelea kutazama usingizi wa mhusika mpaka hali itakaporuhusu. Akaomba aletewe kiti na darubini, akaketi hatua chache kutoka jamvini, akamtazama Nyangeta kwa darubini. Kule hotelini, Salume alisikia, waheshimiwa walianza upya mazungumzo ya supu.

Jua likawa kali, wageni wakaondoka. Makamanda wakasinzia kwenye viti vyao vya urefu uleule, vichwa vimeangukiana. Askari wa mnarani akalala akiwa amesimama. Darubini ikamponyoka Jenerali, ikabaki ikining'inia shingoni, na kidevu chake kikatua juu yake. Lukelo akavua viatu, akalala. Matokeo alimtazama kidogo, naye akavua vyake, akaviweka pamoja na vya mdogo wake, akajilaza, na nusu ile ya sikio ikawa juu.

Sikudhani akabaki peke yake macho. Jenereta likanguruma. Akasikiliza, kwa mazoea: huyu anapumua, na huyu anapumua, na huyu wifi anakoroma kama trekta. Hapakuwa na kingine cha kusikiliza. Akalala kifudifudi pembeni, akaikamata pembe ya jamvi, akaiviringisha kwenye mkono wake mara moja, tena mara moja zaidi kwa usalama, na kabla hajaikaza, usingizi ukamchukua.